Kikomo cha Umri kwa Marubani wa Jeshi la Marekani: Hesabu Siku Zako, Kisha Omba Msamaha

Mtu akiniuliza, "Nina miaka 31, bado naweza kuwa rubani wa jeshi la Marekani?" simjibu ndiyo wala hapana. Namuuliza: utakuwa na miaka mingapi siku ile inayohesabiwa? Wengi hunyamaza hapo, maana hawakujua kwamba kuna siku inayohesabiwa. Wanajitazama umri wa leo, wanalinganisha na namba waliyoisikia mahali, basi wanakata tamaa au wanajipa moyo bure. Yote mawili yanatokana na kutofanya hesabu.

Mwongozo huu unahusu hesabu hiyo, pamoja na msamaha wa umri, ule ambao kwenye ofisi za uandikishaji kila mtu anauita weva. Nitakwenda hatua kwa hatua, ila hatua hazilingani uzito. Nyingine ni za nusu saa, nyingine zitakula mwaka wako mzima.

Kabla ya hatua: kikomo kinatoka wapi

Kikomo cha rubani ni kanuni ya jeshi lenyewe, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuweka kichwani. Zamani kulikuwa pia na sheria ya Kongresi iliyotaka afisa wa jeshi la kudumu awe na uwezo wa kumaliza miaka 20 ya utumishi kabla ya kutimiza miaka 62, yaani aingie kabla ya 42. Sharti hilo lilifutwa katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Kilichobaki juu ya marubani ni kanuni za kila jeshi, na kanuni ambayo jeshi limejiwekea, jeshi lina uwezo wa kuilegeza. Ndiyo maana msamaha upo.

Lakini kanuni haikutungwa kwa kukomoa watu. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kumfikisha rubani kwenye kiwango cha msingi cha kurusha ndege ya kivita F-16 kunagharimu dola milioni 5.6, na F-22 dola milioni 10.9. Anayelipa fedha hizo anataka azirudishe kwa miaka ya kazi. Rubani wa Jeshi la Anga anadaiwa miaka 10 ya utumishi baada ya kumaliza mafunzo, na Jeshi la Nchi Kavu nalo lilipandisha deni la marubani wake kutoka miaka 6 hadi 10 kuanzia Oktoba 2020. Sasa jumlisha: mtu anayeanza mafunzo na miaka 33 anahitimu na kuvishwa mabawa ya urubani akiwa na 34 au 35, anamaliza deni akiwa na 44 au 45. Bodi, yaani maafisa wanaochagua marubani, inapokuangalia, hesabu hiyo ndiyo iliyo mbele yao. Ukiielewa, utajua pia barua yako ya msamaha iseme nini.

Hatua ya kwanza: hakikisha una tarehe moja ya kuzaliwa

Utaona kama utani, lakini si utani. Wako watu wengi miongoni mwetu, hasa waliofika Marekani kupitia kambi za wakimbizi, ambao hati zao zinasema wamezaliwa tarehe 1 Januari. Siyo kwamba familia nzima ilizaliwa mwaka mpya. Ni kwamba karani hakupewa tarehe, akajaza iliyokuwa rahisi. Wengine cheti cha shule kinasema mwaka mmoja, pasipoti inasema mwingine.

Jeshi linahesabu kwa tarehe iliyo kwenye hati rasmi. Anayejua kwamba mama yake anakumbuka alizaliwa Septemba lakini karatasi zinasema Januari ya mwaka huohuo, ameshapoteza miezi minane kwenye karatasi. Kama una ushahidi halali wa tarehe sahihi, utaratibu wa kusahihisha upo, lakini ni mrefu na ufanywe kabla hujamwona mwandikishaji. Kubadilisha tarehe ya kuzaliwa katikati ya maombi, na tena kwa tarehe inayokufanya uwe mdogo zaidi, kutazua maswali kwenye uchunguzi wa usalama hata kama unasema kweli. Na kama huna ushahidi, ishi na tarehe iliyoandikwa. Kudanganya ili uandikishwe ni kosa la jinai chini ya kanuni za kijeshi.

Panga mezani cheti cha kuzaliwa au hati iliyochukua nafasi yake, pasipoti, cheti cha uraia na vyeti vya shule. Visome kimoja kimoja kwa kidole. Tarehe zikilingana, endelea.

Hatua ya pili: jua jeshi lako linahesabu siku gani

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jeshi la Anga linahesabu siku unayoanza mafunzo ya urubani. Kikomo kilikuwa 30 kwa muda mrefu, sasa ni 33: lazima uwe umeingia darasani kabla ya kutimiza miaka 33. Kuchaguliwa na bodi hakutoshi, na kutunukiwa kamisheni, yaani kuapishwa kuwa afisa, hakutoshi. Unaweza ukachaguliwa ukiwa na 31, ukavaa cheo ukiwa na 32, halafu darasa likasogezwa mbele mara mbili ukajikuta umevuka mstari huku umekaa kwenye foleni. Sharti hilohilo linawahusu Air National Guard (jeshi la anga la akiba la majimbo, nitaliita Guard) na Air Force Reserve (akiba ya Jeshi la Anga lenyewe, nitaiita Reserve), maana wote wanasoma katika vituo vilevile: Columbus kule Mississippi, Laughlin na Sheppard huko Texas, Vance huko Oklahoma.

Jeshi la Anga lina saa ya pili inayowashtukiza walio tayari maafisa. Mbali na umri, wanaangalia umetumikia miaka mingapi tangu upewe kamisheni, na kwa Guard na Reserve kikomo kwa muda mrefu kimekuwa miaka 5. Mwenye miaka 28 anaweza kukataliwa kwa saa hii wakati umri wake hauna tatizo lolote. Kama wewe ni luteni unayefikiria kuhamia urubani, anza na saa hii.

Jeshi la Wanamaji linahesabu siku ya kutunukiwa kamisheni. Hapo zamani si za kale kikomo kilikuwa 27, na waliokwisha kutumikia kama askari wa kawaida walikuwa wakiongezewa mwezi kwa mwezi kulingana na utumishi wao. Sasa wamefika 32. Faida ya kuhesabu kamisheni ni kwamba ukishaivuka siku hiyo, foleni ya kusubiri ndege kule Pensacola, Florida, wanakofunzwa marubani wao, haikudhuru.

Marine Corps, askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu, nao wanahesabu kamisheni, na ndio wakali kuliko wote: mstari wao uko karibu na miaka 27 na 28, na msamaha ukipatikana hausogei mbali. Upande wa pili wa ukali huo ni kwamba wanampa mwombaji mkataba unaomhakikishia nafasi ya urubani kabla hajaanza, mradi afaulu mitihani na afya. Kama una miaka 24 na unasita kati ya majeshi haya, anza na Marine, kwa sababu mlango wao ndio unaofungwa mapema.

Jeshi la Nchi Kavu ndilo lenye njia ambayo watu wetu wengi hawaijui. Marubani wake wengi wa helikopta ni maafisa wateule (kwa Kiingereza warrant officers), na mtu anaweza kuomba akiwa raia wa kawaida, bila kuwahi kuvaa sare, na bila shahada. Cheti cha kumaliza sekondari kinatosha. Hapa siku inayohesabiwa ni ile ambayo bodi ya uteuzi inakaa: uwe umetimiza 18 wakati wa kuandikishwa na hujatimiza 33 bodi inapokutana. Kwa hiyo mwenye miaka 32 na miezi kumi, ambaye kwa Jeshi la Anga ameshachelewa, huku anaweza kuingia kwenye bodi ya mwezi ujao bila kuomba msamaha wowote. Mafunzo ya urubani ni Fort Rucker, Alabama.

Coast Guard, walinzi wa pwani, wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, na marubani wao wanasoma pamoja na wanamaji. Nafasi ni chache. Waulize wenyewe tangazo la mwaka huu linasemaje.

Chukua namba zote hizi kama ramani. Kila bodi hutoa tangazo lake lenye tarehe zake, na mara nyingi halisemi umri bali linasema "awe amezaliwa tarehe fulani au baada ya hapo". Mwombe mwandikishaji akuonyeshe tangazo hilo kwa maandishi. Mwandikishaji anayekujibu kwa kumbukumbu, na hasa yule anayeshughulika zaidi na askari wa kawaida, anaweza kukutajia kanuni iliyokufa miaka mitano iliyopita. Wako waliorudi nyumbani wakiamini wamezeeka kwa sababu ya jibu kama hilo.

Hatua ya tatu: hesabu kurudi nyuma

Chukua karatasi. Juu kabisa andika siku ambayo huruhusiwi kuivuka, kisha shuka kuelekea leo.

Tuseme umezaliwa 14 Machi 1995 na unataka Jeshi la Anga kupitia Guard. Unatimiza miaka 33 tarehe 14 Machi 2028. Darasa liwe limeanza kabla ya hapo, lakini madarasa husogezwa, kwa hiyo jiwekee akiba ya miezi mitatu: Desemba 2027. Kabla ya darasa kuna chuo cha maafisa kule Maxwell, Alabama, ambacho ni kama miezi miwili, na kabla na baada yake kuna kusubiri nafasi. Weka miezi minane kwa yote: Aprili 2027. Kabla ya hapo kuna vipimo vya afya ya urubani na uchunguzi wa usalama. Ukiwa na shangazi Kigoma, kaka Nairobi na miaka kadhaa ya kuishi nje, uchunguzi huo hauishi kwa wiki mbili. Weka miezi minane mingine: Agosti 2026. Kabla ya hapo kikosi kikuchague, na vikosi vingi vya Guard hukaa bodi ya marubani mara moja kwa mwaka. Kabla ya hapo mitihani.

Umeona ilipotufikisha? Mtu ambaye kikomo chake ni 2028 anatakiwa awe na alama za mtihani mkononi mapema 2026. Muda halisi wa kila kituo utatofautiana na huu wangu, lakini miaka miwili kutoka siku ya kuamua hadi siku ya kuanza darasa si kitu cha kushangaza kwa njia ya Guard.

Ukimaliza, zungushia duara tarehe iliyo karibu zaidi na leo. Kama imeshapita, wewe ni mwombaji wa msamaha, hata kama leo una miaka 31 tu na uso wa kijana. Ni bora kulijua hilo sasa kuliko kuambiwa na kanali.

Hatua ya nne: uraia na shahada

Bila uraia wa Marekani hakuna kamisheni ya urubani, na hapa usitegemee msamaha. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa kuandikishwa kama askari wa kawaida, basi. Mkazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kuomba uraia, au 3 akiwa ameolewa au ameoa raia na wanaishi pamoja. Utumishi wa kijeshi wenyewe hufupisha njia hiyo, na wapo wanaoingia kama mafundi wa ndege, wanapata uraia, kisha wanaomba urubani kutoka ndani. Iweke miaka hiyo kwenye karatasi ileile. Aliyepata ukazi akiwa na 26 na kungoja miaka yote mitano anaapa akiwa na 31 na kitu, na saa ya urubani haikumsubiri.

Shahada ya kwanza ni lazima kwa majeshi yote isipokuwa njia ile ya maafisa wateule. Somo lolote linakubalika. Kama ulisoma nje, shahada itathminiwe na wakala anayekubalika Marekani, na hiyo nayo ina wiki zake.

Hatua ya tano: mitihani

Jeshi la Anga lina AFOQT, wanamaji na Marine wana ASTB, nchi kavu wana SIFT. Sitaeleza kila mmoja, ila nitasema linalohusu umri: nafasi za kurudia zinahesabika. ASTB unaruhusiwa mara tatu maisha yako yote, na kati ya jaribio la kwanza na la pili lazima upite mwezi, kati ya la pili na la tatu miezi mitatu. SIFT ni mara mbili tu. Alama ya kufaulu ni 40, na ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili kuipandisha. Kijana wa miaka 22 akifeli anaudhika. Wewe wa miaka 32 ukifeli, kile kipindi cha kungoja kinaweza kula bodi nzima. Jiandae kama mtu mwenye nafasi moja.

Leseni ya rubani binafsi husaidia, na kwa Jeshi la Anga saa ulizoruka huongeza alama yako ya uteuzi. Kwa mwombaji aliyechelewa ina faida nyingine: inaonyesha kwamba hamu hii haikukujia juzi.

Hatua ya sita: afya kwanza, umri baadaye

Hii ndiyo hatua wengi wanaiweka mwisho, na ni kosa. Msamaha mmoja ni ombi. Misamaha miwili kwenye faili moja ni mzigo, na afisa anayepitia mafaili arobaini atachukua jepesi. Kwa hiyo kabla hujaomba kusamehewa umri, jua kama mwili wako hautahitaji msamaha wake.

Anza na macho, maana ndiyo yanayoangusha wengi. Wanamaji wamekuwa wakitaka usione vibaya kuliko 20/40 bila miwani, na nchi kavu 20/50, yote yakirekebishika hadi 20/20. Maana yake ni hii: herufi anayoisoma mwenye macho mazuri akiwa umbali wa futi 40, wewe unaisoma ukiwa futi 20. Nenda kwa daktari wa macho wa kawaida, mwambie unataka namba zako bila miwani, na umwombe akupime rangi na uwezo wa kuona kina. Upasuaji wa leza kama PRK na LASIK unakubalika sasa, lakini unafuatiwa na miezi kadhaa ya kungoja jicho litulie na makaratasi ya kabla na baada ya upasuaji. Miezi hiyo nayo iweke kwenye karatasi. Mtu wa miaka 32 anayekwenda kufanyiwa leza leo amejinunulia jicho na kuuza nusu mwaka.

Pumu iliyoendelea au kuanza baada ya kutimiza miaka 13 ni kizuizi mpaka usamehewe. Dawa za umakini ulizotumia chuoni nazo zitaulizwa. Na usijidanganye kwamba hawatajua: tangu 2022 vituo vya kupima waandikishwa vinatumia mfumo unaovuta kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa. Inhela uliyoandikiwa ukiwa sekondari kwa kikohozi cha wiki mbili itatokea kwenye skrini ya daktari. Si lazima ikuangushe, lakini uwe na maelezo na karatasi zake kabla hajauliza.

Kimo nacho kimefanya watu wajikatie tamaa wenyewe. Hadi Mei 2020 Jeshi la Anga lilikuwa na kimo cha chini cha inchi 64, na wanawake wengi hawakuomba kabisa kwa sababu hiyo, ingawa msamaha ulikuwepo. Sasa sharti hilo limeondolewa. Unapimwa urefu wa kukaa, mikono na miguu, kisha wanatazama ni ndege zipi zinakutosha.

Hatua ya saba: kuomba msamaha wenyewe

Sasa tumefika. Na neno langu la kwanza litakukera: usianze na msamaha.

Nimeona watu wakipiga simu ofisi ya uandikishaji na swali la kwanza linakuwa "Je, mnatoa weva ya umri?" Aliye upande wa pili anajibu hapana, kwa sababu hapana ndilo jibu jepesi na kwa sababu bado wewe si mtu kwake, wewe ni tatizo. Msamaha hutolewa kwa mtu ambaye tayari kuna anayemtaka. Kwa hiyo kwanza tafuta wa kukutaka.

Njia ya Guard na Reserve ndiyo inayoonyesha hili vizuri. Kikosi cha Guard huchagua marubani wake chenyewe. Unatuma wasifu, alama, nakala za matokeo ya chuo na barua za mapendekezo. Unaomba ruhusa kuwatembelea wikendi yao ya mazoezi. Unakaa nao, unakula nao, wanakujua. Wakikupenda, umri wako unageuka kuwa shida yao. Hapo kamanda wao ndiye anayeandika kwenda juu, kupitia makao makuu ya jimbo hadi ofisi ya kitaifa ya Guard, akisema tunamhitaji huyu. Ombi lile lile likitoka kwako peke yako halina miguu. Kwa njia hiyo watu wamewahi kukubaliwa hadi miaka 35, na zaidi ya hapo sioni sababu ya kumpa mtu matumaini.

Usifiche umri wakati unawatembelea. Andika tarehe ya kikomo chako juu kwenye barua ya kwanza: "Natimiza miaka 33 tarehe 14 Machi 2028." Afisa anayepanga wanafunzi akiisoma anajua mara moja kama ana muda au hana, na anakuheshimu kwa kutomchezea.

Kwa majeshi mengine ombi hupitia kwa mwandikishaji wa maafisa, au kwa afisa mteule anayesimamia waombaji, likiwa ndani ya faili lako kamili. Msamaha hauendi peke yake. Faili lisilo na alama au lisilo na vipimo halitasomwa.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Utaiandika kwa Kiingereza cha ofisini, lakini mwili wake ni huu:

"Naomba kusamehewa kikomo cha umri wa kuanza mafunzo ya urubani. Nitatimiza miaka 33 tarehe 14 Machi 2028. Darasa nililopangiwa linaanza tarehe 8 Mei 2028, siku 55 baada ya hapo. Nilichaguliwa na kikosi mwezi Septemba 2026. Uchunguzi wa usalama ulichukua miezi 11 kwa sababu niliishi nje ya nchi hadi mwaka 2012. Vipimo vya afya ya urubani nimefaulu bila msamaha. Nina leseni ya rubani binafsi na saa 85. Nikianza tarehe hiyo, nitamaliza miaka 10 ya deni la utumishi nikiwa na umri wa miaka 44."

Tazama alichofanya mwandishi wa barua hii. Ametaja siku, siyo "nimezidi kidogo". Amesema chanzo cha kuchelewa kwa jambo linaloweza kuthibitishwa. Amelitaja deni la utumishi kabla hawajaliuliza, maana ndilo linalowaumiza kichwa. Hakuna ndoto ya utotoni ya kutazama ndege ikipita juu ya shamba. Ndoto hiyo kila mtu anayo, na bodi imeshazisoma zote.

Kuchelewa kulikosababishwa na jeshi lenyewe, kama darasa kusogezwa au karatasi kukaa mezani kwa mtu, ni hoja yenye nguvu kuliko zote. Tunza kila barua pepe yenye tarehe. Kutumikia tayari kama askari ni hoja nzuri pia. Ambatisha hati yako ya kuachishwa au tathmini zako. Kulea watoto, kumaliza shahada ukiwa unafanya kazi, kungoja uraia: haya yaseme kwa sentensi moja, bila kuomboleza. "Sikujua kama inawezekana" ni kweli kwa wengi wetu, lakini usiiandike.

Ambatisha cheti cha kuzaliwa, alama, matokeo ya afya na barua ya kamanda au maafisa wanaokufahamu. Barua moja ya rubani wa jeshi aliyekaa nawe kwenye ndege inazidi tatu za wachungaji na maprofesa.

Hatua ya nane: wakati unangoja, na ukikataliwa

Kungoja msamaha si kungoja kimya. Uliza kila baada ya wiki kadhaa faili liko kwa nani, jina la ofisi na siku lilipoingia. Uliza kwa adabu lakini uulize. Faili lisiloulizwa hushuka chini ya mengine.

Usiweke matumaini yote kwenye jeshi moja. Huku ombi lako la Jeshi la Anga likizunguka, hakuna kinachokuzuia kujiandaa kwa SIFT. Ila waambie ukweli wote wawili wakikuuliza.

Jibu likiwa hapana, omba sababu kwa maandishi. Kukataliwa kwa sababu ya alama kunaweza kufufuka kwa alama mpya. Kukataliwa kwa umri na bodi moja hakufungi jeshi jingine, kwa sababu kila jeshi lina siku yake inayohesabiwa.

Na kama siku zote zimepita, ndege bado zina viti vingine. Jeshi la Anga liliinua umri wa kuandikishwa askari wa kawaida hadi 42 mwaka 2023, na wanamaji hadi 41 mwaka uliotangulia. Kati ya kazi za askari hao ziko za ndani ya ndege hasa: wasimamizi wa mizigo kwenye C-17, wahandisi wa safari, wanaojaza mafuta ndege nyingine angani. Wanapimwa afya ya kuruka, wanavaa mabawa yao, wanalipwa posho ya kuruka. Aliyevuka hata huo umri, na hasa aliye na leseni ya rubani binafsi, aangalie Civil Air Patrol, shirika la kujitolea lililoanzishwa Desemba 1941 na ambalo ni msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga. Linapokea raia na wakazi wa kudumu, halina kikomo cha juu cha umri, na marubani wake hurusha Cessna kutafuta ndege zilizopotea na kupiga picha maeneo yaliyokumbwa na mafuriko.